Pampu ya Petroli Inapokoma: Namna ya Kulifufua Gari Kuukuu kwa Gharama Ndogo

Barabara itokayo Bunda kwenda Musoma hupita Kiabakari na kufika Makutano, mahali ambapo njia nyingine huelekea Butiama. Msafiri aizoeaye barabara hiyo hakosi kuona, siku moja au nyingine, gari kuukuu lililoegeshwa kando likiwa na boneti wazi, abiria wameketi kivulini, na matawi ya miti yametandazwa nyuma yake ili kuwatahadharisha madereva wengine. Dalili zake hujulikana. Injini ilianza kukohoa ilipopanda mwinuko, ikapata nafuu kidogo kwenye mteremko, kisha ikazima. Betri ni nzima, stata inazunguka, na tangini mna mafuta. Hukumu hutolewa upesi: pampu ya mafuta imekufa.

Baada ya hukumu hiyo hufuata moja kati ya mambo matatu. Kijana hutumwa mjini kununua pampu nyingine, ambayo huenda ikamgharimu mwenye gari mapato ya siku nyingi. Au gari hukokotwa hadi gereji, nayo gharama huongezeka. Au mtu hujaza petroli ndani ya chupa, akaining'iniza juu ya injini, akaunganisha mpira hadi kwenye kabureta, na safari ikaendelea. Jambo la kwanza huenda likawa si la lazima. La pili huchelewesha. La tatu limo katika orodha ya mambo ya hatari kuliko yote yanayoweza kufanywa ndani ya chombo cha moto.

Makala haya yanaeleza jinsi pampu ya petroli inavyofanya kazi, kwa nini hukoma, namna ya kuipima kabla ya kutoa fedha, na njia za kuitengeneza au kuibadilisha kwa gharama ndogo. Yanaeleza pia mahali ambapo kubana matumizi hugeuka kuwa hasara.

KAZI YA KIWAMBO

Magari ya kwanza hayakuwa na pampu. Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, liliwekewa tangi chini ya kiti cha mbele, na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta kwa uzito wake. Mpango huo ulikuwa rahisi, ila ulikuwa na kasoro moja. Gari lilipopanda mlima mkali huku tangi likiwa na mafuta kidogo, kabureta ilikuwa juu kuliko petroli, na injini ilizima. Madereva wa zama hizo walijifunza kupanda milima kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini. Baadaye, tangi lilipohamishiwa nyuma ya gari na chini, mbali na joto la injini, ilibidi kipatikane chombo cha kuivuta petroli na kuipandisha.

Chombo kilichoenea zaidi katika magari ya kabureta, kama vile Land Rover za zamani na magari madogo mengi ya miaka ya 1960 hadi 1980, ni pampu ya kiwambo. Neno kiwambo linatokana na kuwamba, kama vile ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma. Ndani ya pampu mna kipande cha kitambaa kilichopakwa mpira, nacho kimewambwa kati ya vipande viwili vya chuma. Chini yake kuna wenzo mfupi unaoingia ndani ya injini na kuigusa kamu, yaani kipande cha chuma chenye umbo la yai kilichomo katika kamshafti. Kamu inapozunguka, wenzo huchezeshwa, na kiwambo huvutwa chini. Nafasi iliyo juu yake huongezeka, kanieneo ndani yake hupungua, vali ya kuingizia hufunguka, na petroli huingia ikitoka tangini. Kisha springi hukisukuma kiwambo juu, vali ya kuingizia hujifunga, vali ya kutolea hufunguka, na petroli huelekea kwenye kabureta. Anayemfahamu mhunzi na mvukuto wake ameielewa pampu hiyo tayari.

Yafaa izingatiwe kwamba kamu huvuta tu. Anayesukuma ni springi. Kabureta inapojaa, sindano yake huziba njia, petroli hukosa pa kwenda, na kiwambo hubaki chini huku wenzo ukicheza bure. Kwa hiyo pampu haiwezi kusukuma kwa nguvu kupita ile ya springi yake, ambayo katika magari mengi ya kabureta huleta kanieneo la baina ya 0.1 na 0.35 ya kilo kwa sentimita ya mraba. Kipimo hiki ni kidogo sana kikilinganishwa na upepo wa gurudumu, nao ndio ukweli unaopaswa kukumbukwa na kila anayetaka kufunga pampu ya aina nyingine.

KUVUTA SI SAWA NA KUSUKUMA

Pampu iliyofungwa kwenye injini haina mkono wa kuikamata petroli na kuivuta. Inachoweza kufanya ni kupunguza kanieneo upande wake, kisha angahewa inayokandamiza mafuta yaliyomo tangini ndiyo inayoyasukuma kupitia bomba. Kutokana na hali hiyo, mambo matatu huweza kuizuia petroli hata kama pampu ni nzima kabisa.

La kwanza ni hewa. Mpira uliochakaa, klipu iliyolegea au bomba lililotoboka kwa kutu baina ya tangi na pampu huingiza hewa kwa urahisi kuliko petroli. Tundu la namna hiyo aghalabu halivuji, maana kanieneo ndani ya bomba ni dogo kuliko nje. Kwa sababu hiyo fundi hutazama chini, huona pakavu, na kuilaumu pampu.

La pili ni kuziba. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Kitundu hicho kikizibwa na vumbi, tangi hubaki na ombwe, na petroli hukataa kutoka. Kadhalika, chujio au mdomo wa bomba ndani ya tangi huweza kuzibwa na kutu, mchanga au nyuzi za kitambaa, hasa pale ambapo mafuta hununuliwa kwa madumu na chupa na kumiminwa kwa mirija isiyo na wavu.

La tatu ni joto, na hapa mahali lilipo gari huwa na maana kubwa. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi iliyo kati ya Musoma, Bunda na Butiama iko juu zaidi ya hapo. Pwani, Dar es Salaam, angahewa hukandamiza kwa takriban kilo 1.03 kwa kila sentimita ya mraba. Musoma, kando ya ziwa, kipimo hicho hushuka hadi karibu 0.90. Kwa mtazamo wa kwanza tofauti hiyo ni ndogo. Lakini petroli nayo ina mvuke wake unaotaka kutoka; katika joto la sentigredi 38, mvuke wa petroli ya kawaida huwa na kanieneo la takriban 0.6. Ili petroli ivutwe bila kuchemka ndani ya bomba, pampu inaweza kuitumia tu ile tofauti iliyo kati ya angahewa na mvuke huo. Pwani tofauti hiyo ni takriban 0.43, Musoma ni takriban 0.30. Kwa maneno mengine, gari linalofika ziwani kutoka pwani huwa limepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake wa kuvuta petroli katika joto hilo.

Bomba lipitalo karibu na ekzosi hupata joto zaidi ya hilo, hasa gari linapopanda mlima polepole au linaposimama baada ya mwendo mrefu. Petroli huchemka ndani ya bomba, mapovu hujaa ndani ya pampu, na kiwambo hubaki kuyabana na kuyaachia mapovu hayo bila kupitisha kitu. Baada ya nusu saa ya kupoa, gari huwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa. Dereva akishanunua pampu mpya hushangaa kuona tatizo lile lile likirudi siku ya pili. Dawa ya ugonjwa huo ni kulisogeza bomba mbali na ekzosi, kulikinga kwa bati, na kurudishia gaskiti nene ya asili iliyo chini ya pampu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia joto la injini lisipande.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Vipimo vifuatavyo havihitaji chombo cha gharama. Vifanywe kwa utaratibu huu, maana huanza na kisichogharimu kitu. Injini iwe imepoa, gari liwe mahali pa wazi, asiwepo mtu anayevuta sigara, na mchanga mkavu au kizimamoto kiwe karibu.

Kwanza, kifuniko cha tangi kifunguliwe taratibu huku mtu akisikiliza. Mlio wa hewa inayoingia kwa nguvu ni ushahidi kwamba kitundu kimeziba. Kijiti safi kiingizwe tangini ili kuhakikisha kwamba mafuta yamo kweli, kwa kuwa geji za magari makuukuu hudanganya.

Pili, chujio litazamwe. Katika Land Rover nyingi za kabureta, pampu ina kikombe cha kioo ambamo maji na takataka hutuama. Maji huonekana kama matone mazito chini ya petroli. Kikombe kisafishwe na gaskiti yake irudishwe sawasawa. Gaskiti iliyokunjika huvuta hewa.

Tatu, waya mnene wa koili utolewe ili pasiwe na cheche, bomba lifunguliwe kwenye kabureta, na ncha yake ielekezwe ndani ya chombo cha chuma chenye mdomo mpana, mbali na stata na betri. Mtu wa pili azungushe injini kwa sekunde chache. Pampu nzima hurusha petroli kwa mapigo ya nguvu, pigo moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Petroli ikija pamoja na mapovu, hewa inaingia upande wa kuvutia. Isipokuja kabisa, mpira wa upande wa kuvutia uunganishwe na kidumu kidogo cha petroli safi kilichowekwa chini, na jaribio lirudiwe. Pampu ikivuta kutoka kidumuni, basi pampu haina hatia. Kosa liko katika bomba au tangi.

Nne, upande wa chini wa pampu utazamwe. Watengenezaji wengi huacha kitundu kidogo katika mwili wa pampu, chini ya kiwambo. Petroli ikidondoka hapo, kiwambo kimepasuka. Wakati huo huo kijiti cha kupimia oili kivutwe na kunuswa. Oili inayonuka petroli, au ambayo kiasi chake kimeongezeka bila kuongezwa, ni dalili kwamba petroli imepenya kiwambo na kuingia ndani ya injini. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kilomita moja. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi, beringi hukosa utando wa kuzilinda, na injini nzima huweza kuharibika kwa ajili ya kipande cha mpira. Oili hiyo imwagwe na kubadilishwa baada ya pampu kutengenezwa.

KUTENGENEZA KIWAMBO

Ikiwa pampu ni ya aina inayofungwa kwa skrubu, haina haja ya kutupwa. Kiwambo, vali na gaskiti huuzwa kwa pamoja kama seti ya kutengenezea, nayo kwa kawaida ni rahisi kuliko pampu kamili. Pampu zilizobanwa kiwandani bila skrubu hazifunguki, na hizo hubadilishwa nzima.

Kazi yenyewe huanza kwa kupiga alama ya mstari juu ya vipande vyote viwili vya chuma ili virudishwe kama vilivyokuwa. Kila vali ijaribiwe kwa kuvutwa na kupulizwa kwa mpira safi usio na petroli: ipitishe hewa upande mmoja tu. Nyuso zinazokutana zisafishwe na kulazwa juu ya kioo ili kuona kama zimepinda. Kiwambo kipya kikishawekwa, skrubu zishikizwe bila kukazwa, wenzo usukumwe hadi mwisho wa mwendo wake, na hapo ndipo skrubu zikazwe moja hapa na nyingine upande wa pili. Fundi asiposukuma wenzo, kiwambo hukazwa kikiwa kimelegea mahali pasipostahili, nacho kitavutwa kupita kiasi kwa kila pigo hadi kipasuke mapema. Wakati wa kuirudisha pampu kwenye injini, wenzo uketi juu ya kamu upande ule ule uliokuwa. Wenzo uliowekwa upande usio wake huvunjika mara injini inapowashwa.

Swali huulizwa mara kwa mara: je, kiwambo kinaweza kukatwa kutoka tyubu ya gurudumu? Kwa macho, tyubu hufaa; ni laini, haina gharama, na hukatika kwa mkasi. Kwa kemia, haifai. Mpira wa asili, na hata ule wa butili unaotumika katika tyubu nyingi, ni jamaa wa petroli: vyote vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni, na vitu vya jamii moja hupenyana. Petroli huingia ndani ya mpira huo, ukavimba, ukalainika na kupoteza nguvu. Kiwambo halisi hupakwa mpira wa nitrili, ambao molekuli zake zina naitrojeni na tabia ya umeme inayoikataa petroli. Anayetaka ushahidi na akate vipande viwili vya urefu sawa, kimoja cha tyubu na kingine cha mpira halisi wa mafuta, avitie katika kikopo chenye petroli kidogo chenye kifuniko, nje ya nyumba, kisha avipime kesho yake. Rula itatoa jibu ambalo maneno mengi hayawezi kulitoa.

Wavuvi wa Musoma wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Injini nyingi za mashua zinazofungwa nyuma ya mitumbwi zina pampu ya kiwambo pia, ila yao haichezeshwi na wenzo, bali na mapigo ya kanieneo yanayotoka ndani ya injini yenyewe. Mvuvi hajaribu kutumia tyubu, kwa kuwa pampu ikifa katikati ya ziwa hakuna kando ya barabara ya kuegesha.

PAMPU YA UMEME BADALA YA ILE YA KIWAMBO

Endapo seti ya kutengenezea haipatikani, au wenzo umelika kupita kiasi, njia ya tatu ni kufunga pampu ndogo ya umeme iliyokusudiwa kwa injini za kabureta. Njia hii ina faida ya pekee katika nchi ya juu na yenye joto. Pampu ya umeme huwekwa nyuma, karibu na tangi na chini ya usawa wa mafuta, hivyo haivuti bali husukuma. Petroli inayosukumwa ina kanieneo zaidi ndani ya bomba, na kimiminika chenye kanieneo zaidi huchemka kwa joto la juu zaidi. Ule upungufu wa theluthi moja uliotajwa hauna nguvu tena juu ya gari hilo.

Hata hivyo, masharti matano hayana budi kutimizwa. Pampu iwe ya kanieneo la chini, takriban 0.15 hadi 0.3 ya kilo kwa sentimita ya mraba. Pampu za magari ya sindano husukuma kwa takriban kilo 2.5 hadi 3.5, ikifungwa mojawapo kwenye kabureta bila kizuizi, sindano ya kabureta hushindwa kuziba na petroli humwagika juu ya injini yenye moto. Pili, volti ya pampu iwe sawa na ya betri. Tatu, chujio liwekwe kabla ya pampu. Nne, waya upitie kwenye fyuzi, na umeme ukatike injini inapozima. Njia nzuri ni kuupitisha kwenye rilei inayotawaliwa na swichi ya kanieneo la oili. Bila mpango huo, gari likipinduka na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli maadamu swichi ya kuwashia haijazimwa.

Sharti la tano husahauliwa na wengi. Pampu ya zamani iliyopasuka isiachwe katika njia ya petroli. Pampu ya umeme itaisukuma petroli kupitia ufa wa kiwambo hadi ndani ya oili, na uharibifu ulioelezwa hapo juu utafanyika kwa kasi zaidi. Pampu hiyo iondolewe, na tundu lake katika injini lizibwe kwa bamba la chuma lenye gaskiti.

PAMPU ILIYOZAMA TANGINI

Magari mengi yaliyotumika Japani na kuingizwa nchini hayana kabureta. Pampu yao ya umeme imezama ndani ya tangi, na petroli hupita ndani ya mota yake ikiipoza na kuilainisha. Magari hayo nayo sasa yamezeeka, na kwao kuna akiba inayoweza kupatikana. Duka huweza kumuuzia mtu chombo kizima pamoja na geji na mabomba yake, ilhali kilichokufa ni mota peke yake, au pengine ni wavu ulioziba. Kabla ya hapo zipimwe fyuzi, rilei na volti zinazofika kwenye pampu chini ya mzigo. Waya wenye kutu hupitisha volti pungufu, na mota hudhaniwa kuwa mfu.

Anayefungua mfumo huo atoe kwanza kanieneo lililobaki, kwa kuondoa fyuzi au rilei ya pampu na kuiacha injini izunguke hadi izime, kisha afungue waya wa betri. Mpira anaoutumia ndani ya tangi uwe wa kustahimili kuzama ndani ya petroli, kwa maana mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu.

Hapa umaskini hujizalia gharama. Dereva asiye na fedha hununua lita mbili, akaenda, akanunua mbili nyingine. Tangi halijai kamwe. Mafuta yakiwa chini, pampu hugusa takataka za chini, na kwenye kona au mlima hunyonya hewa na kuzunguka kikavu, bila kipoza wala kilainishi. Mota inayoharibika kwa namna hiyo haikufa kwa uzee. Kubakiza robo ya tangi si anasa. Ni bima, na fedha zake haziliwi na mtu, maana mafuta hayo bado ni ya mwenye gari.

RAHISI ILIYO GHALI

Imebaki ile chupa juu ya injini. Wanaoitumia hawakosi akili. Wamegundua upya mpango wa Ford Model T. Tofauti ni kwamba tangi la Ford lilikuwa la chuma, limefungwa imara, na chini yake palikuwa na vali. Chupa ya plastiki hulainika kwa joto, mpira wake huchomoka kwa mtikisiko, na hapana kinachoizuia petroli isimwagike.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya sentigredi 40 chini ya sifuri. Hakuna siku ya Mara iliyo baridi ya kutosha kuituliza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupandi na kupotea bali huteremka na kutambaa chini, ukiitafuta cheche. Hewa yenye mvuke huo kati ya takriban 1.4 na 7.6 kwa mia huwaka mara moja. Taifa halihitaji kukumbushwa kwa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuteka petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walizidi 100. Kiasi kilichomo katika chupa ni kidogo, lakini ndani ya gari lenye abiria na milango miwili, kanuni ni ile ile.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Methali hiyo haisemi kwamba kila cha bei ndogo ni kibaya. Kukaza klipu ni rahisi na ni salama. Kutoboa tena kitundu cha kifuniko hakugharimu kitu. Kubadilisha kiwambo kwa seti halisi ni rahisi kuliko kununua pampu, na kwaweza kuirudishia pampu hiyo miaka mingi ya kazi. Rahisi iliyo ghali ni ile inayoondoa kinga iliyowekwa na mbunifu kwa sababu ambayo mtengenezaji wa kando ya njia hakuijua.

ELIMU NA KAZI

Mafundi wa Tanzania wamewahi kuyapitia haya katika mazingira magumu zaidi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipokula akiba ya fedha za kigeni, vipuri viliadimika. Gari lililosimama kwa kukosa kiwambo liliweza kukaa hivyo kwa muda mrefu. Waliobaki barabarani ni wale ambao fundi wao alijua kutofautisha pampu iliyokufa na bomba lililoziba.

Novemba mwaka 1974, katika mji huu huu wa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio lililotaka elimu iunganishwe na kazi, na ambalo lilijulikana kwa jina la mji huo. Mengi yamebadilika katika mipango ya shule tangu wakati huo. Lakini gereji ndogo ya Bunda ambamo mwanafunzi anaweza kuonyeshwa ombwe, kanieneo, mvuke na kemia ya mpira ndani ya chombo kimoja kinachoenea kiganjani bado ni darasa lisilohitaji maabara ya gharama. Mwalimu wa fizikia akiomba pampu moja iliyotupwa, akaikata ubavu kwa msumeno baada ya kuisafisha na kuikausha petroli yote, atakuwa amepata kifaa cha kufundishia.

Na yule dereva aliyeachwa kando ya barabara, karibu na Makutano? Kabla hajamtuma kijana mjini, na afungue kifuniko cha tangi na kusikiliza. Kisha atazame kikombe cha kioo, anuse oili, na kupapasa mpira kutoka tangini hadi kwenye pampu, klipu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ni ya robo saa. Ikidhihirika kwamba pampu imekufa kweli, hapo fedha zitoke, nazo zitatoka kwa kitu kinachojulikana.